JOHO BILA NAMBA — Sehemu ya Saba: Sahihi ya Mama

Ukistaajabu ya Musa, utaona ya Firauni. Wiki iliyopita tulimwacha Injinia ndani ya ofisi ya mitihani, mgongo ameubana kwenye kabati la mafaili, huku kinyozi wake ameketi mbele ya karani akijifanya baba yake mdogo, kalamu mkononi. Mlango ukafunguka. Aliyeingia ni mama yake mzazi.

Yuko msomaji aliyeniandikia kuniomba nimwonee Injinia huruma wiki hii. Nimejaribu, ndugu yangu. Mambo yenyewe ndiyo yamekataa.

Kwa aliyechelewa kujiunga nasi, habari ni hii. Injinia si injinia bado. Ni jina alilopewa na mama yake siku barua ya chuo ilipofika, mtaa mzima ukalidaka. Mwaka wa tatu akaanguka masomo mawili, Hesabu na Miundo. Hesabu alirudia akapita. Miundo alirudia akaanguka tena. Imebaki nafasi moja, kesho saa mbili asubuhi, na fomu yake inafungwa leo saa sita mchana. Sheria ya jaribio la mwisho ni kwamba mzazi au mlezi afike mwenyewe, aambiwe uso kwa uso, aweke sahihi. Asipoweka, mwanafunzi anafutwa chuo. Mama mtu hajui lolote. Ndiyo maana akaletwa kinyozi.

Saa ya ukutani ilikuwa saa tano na robo.

"Kinyozi!" mama alisema, uso umemchangamka kama aliyekutana na mtu wa kwao ugenini. "Na wewe umo humu? Duka umemwachia nani?"

Karani wa mitihani, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, aliishusha miwani yake polepole.

"Kinyozi?" aliuliza.

Kinyozi hakukosa jibu. Kinyozi akikosa jibu afunge duka.

"Kinyozi ni kazi, dada," alisema. "Ubaba mdogo ni damu. Havigombani."

"Ubaba mdogo wa nani?" mama akauliza.

Hapo macho yake yakahama, yakapita meza, yakapita mafaili, yakamwona mwanawe kwenye kabati. Alikuwa bado anatabasamu. Injinia aliliona lile tabasamu likibaki pale usoni lisijue pa kwenda, akatamani sakafu ipasuke immeze.

"We si uliniambia leo uko kwenye mafunzo ya vitendo, kule kwenye daraja?"

"Mama..."

"Samahani, Fundi," karani alidakia. Chuo kizima kilimwita mama yule Fundi, maana mwaka wa kumi na moja sasa yeye ndiye aliyekuwa akishona majoho ya mahafali. "Kabla ya yote. Huyu bwana ni shemeji yako? Mdogo wake marehemu mumeo?"

Kinyozi akakohoa. Akakohoa tena, kikohozi kirefu chenye maelezo ndani yake. Lakini mama hakuwahi kufundishwa lugha ya kukohoa.

"Marehemu mume wangu alizaliwa peke yake," alisema. "Huyu ni kinyozi wetu. Kwani kasemaje?"

Kwisha kazi.

Karani aliivuta fomu kutoka chini ya mkono wa kinyozi. Sahihi ilikuwa imefika nusu, nusu nyingine imebaki kwenye kalamu.

"Na wewe Fundi, umefuata nini?" aliuliza. Sauti ilikuwa imepoa.

Mama aliweka mfuko wake mezani, akatoa karatasi nne zilizobanwa pamoja. Ilikuwa orodha ya wahitimu, ile ambayo chuo humpelekea kila mwaka ili ajue kimo na mabega ya kila mmoja. Mbele ya kila jina ipo namba, na namba hiyo huishona kwa uzi mweupe ndani ya kola, majoho yasije yakabadilishana wenyewe.

"Mmenisahaulia mtoto," alisema. "Mia nne na kumi na wawili, nimewahesabu mara tatu, kwa miwani na bila miwani. Injinia wangu hamo. Nikasema karani naye binadamu, amechoka, ameruka mstari. Kwa hiyo lake nimeshalishona. Nipe namba yake tu niitie."

Akalikunjua joho juu ya meza. Lilikuwa jeusi, limepigwa pasi likanyooka, na ndani ya kola hapakuwa na kitu.

Karani alilitazama joho, kisha akamtazama Injinia. Yapo maneno ambayo si kazi ya karani kuyasema.

Mficha maradhi kifo humuumbua, na Injinia alikuwa ameyaficha yake kwa miezi kumi na minne.

"Hawakunisahau, mama. Nimefeli."

"Umefeli nini?"

"Somo moja. Miundo."

"Lini?"

"Mwaka jana. Halafu nikarudia, nikafeli tena."

Mama aliinamisha macho sakafuni, kama anayetafuta sindano iliyoanguka.

"Mwaka jana uliniambia umepita. Nikaita watu nyumbani. Ukaketi katikati yao ukala."

"Ndiyo, mama."

"Ukashiba?"

Kinyozi aliinuka akampa mama kiti, naye akakikalia bila kukitazama, mkono mmoja bado uko juu ya joho.

"Mama, lawama nipe mimi," kinyozi alisema. "Lakini kijana amesoma. Miezi minne anafungua duka pamoja nami kabla ya wateja. Kioo changu chote amekijaza maandishi ya sabuni. Watu wananyolewa huku wamechorwa boriti usoni! Hata mimi sasa najua boriti ikilemewa katikati inapasukia wapi."

"Kinyozi."

"Naam, mama."

"Nyamaza."

Akanyamaza. Ndiyo mara ya kwanza tangu hadithi hii ianze.

Mama aligeukia meza. "Karani, mwanangu, si mnataka mzazi? Mzazi ni mimi. Lete hiyo karatasi niandike, mengine nitayamaliza nyumbani."

Injinia alijibandua kwenye kabati. Kumbe ilikuwa rahisi hivi? Miezi kumi na minne ya uongo, na dawa ilikuwa sentensi moja ya mama!

Karani akatikisa kichwa.

"Fomu ni moja kwa kila mwanafunzi, Fundi, na hii imeshaandikwa na mlezi wa bandia mbele ya macho yangu. Hiyo ni kesi. Mwenye uwezo wa kutoa nyingine ni Mkuu wa idara peke yake, ghorofa ya tatu. Na saa sita kamili anafunga."

"Mkuu wa idara ya Miundo?" Injinia aliuliza, ingawa alijua.

"Yeye huyo. Mzee Nukta."

Unamjua Mzee Nukta, msomaji? Omba usimjue. Aliwahi kumpa sifuri mwanafunzi aliyepata jibu lote sawasawa ila nukta akaiweka mbele kwa hatua moja. Mwanafunzi alipolia, mzee alimwambia, "Lia sasa. Daraja likianguka watalia wengine." Ndiye aliyemwangusha Injinia mara zote mbili.

Walipanda. Kinyozi aliachwa chini na onyo. Mama alitangulia, joho na mfuko mkono mmoja, mkono mwingine umeshika reli ya ngazi, maana miaka mingi ya kukanyaga cherehani ilikuwa imemla magoti. Injinia alinyoosha mkono amsaidie. Mama akauhamisha mfuko upande ule, na mkono wa Injinia ukarudi mtupu.

Ghorofa ya kwanza waliipita. Ya pili mama alisimama kupumua.

"Sasa unaliweza?" aliuliza, bado anatazama ukuta.

"Naliweza, mama."

"Usinidanganye leo. Leo sina nguvu ya kudanganywa."

"Haki ya Mungu, naliweza. Nimefanya mitihani yote ya miaka sita nyuma. Juzi nimefanya mmoja kwa saa mbili na nusu, wenyewe ni wa saa tatu."

Na hapa alikuwa anasema kweli, msomaji, ndiyo inayoniuma. Alipoanguka mara ya kwanza alikuwa amezembea. Mara ya pili alikuwa na hofu. Safari hii alikuwa amejitayarisha hasa, kichwa kimetulia, kila boriti anajua imebeba nini. Kilichomtenga na mtihani ule ni karatasi moja.

"Basi twende," mama alisema, na sauti yake ilikuwa imelegea kidogo.

Alikuwa ameinua mguu kwenye ngazi ya kwanza ya ghorofa ya tatu Injinia alipokumbuka. Alikumbuka jambo ambalo hata kinyozi hakuwahi kuambiwa.

Faili.

Ndani ya faili lake kwa Mzee Nukta ilikuwamo barua. Mwaka jana, alipoanguka mara ya kwanza, chuo kilimpa barua ampelekee mzazi, mzazi aweke sahihi, irudishwe. Mwaka jana sheria ilitaka sahihi tu, haikutaka mtu. Na barua ilirudi kesho yake, ina sahihi safi kabisa.

"Mama, subiri. Kuna jambo jingine."

"Ukiongeza neno moja nitashuka hizi ngazi, na sitazipanda tena."

"Lakini mama, ni lazima ulijue kabla hatuja..."

Mama alishusha mguu ngazi moja. Injinia akafunga mdomo. Mama akapanda, naye akamfuata nyuma kama mzigo uliofungwa kwa kamba. Alikuwa ameruka majivu, sasa anakanyaga moto.

Mzee Nukta alikuwa mdogo kuliko sifa zake, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu. Meza yake ilikuwa na vitu vitatu tu: rula, muhuri na saa. Alisimama kumpokea mama, jambo ambalo wanafunzi wake wasingeliamini.

"Fundi! Karibu, karibu kiti. Karani amenipigia simu." Kwa Injinia hakusema karibu. "Na wewe simama hapo."

Saa ilionyesha saa sita kasoro dakika kumi na nane.

"Sina mengi, mheshimiwa," mama alisema. "Mtoto amekosa. Kuleta kinyozi ni ujinga, na kunificha mimi habari ya leo ni ujinga zaidi. Sikuombi umpe alama. Mpe karatasi ya kufanyia mtihani. Akianguka, ameanguka mwenyewe."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mzee Nukta alimsikiliza huku akiizungusha rula mezani. Ikazunguka, ikasimama.

"Kijana, boriti yenye nguzo mbili, mzigo umekaa robo ya urefu. Nguzo ipi imebeba zaidi?"

"Ya karibu na mzigo. Robo tatu ya mzigo wote."

"Na iliyobaki?"

"Robo."

Mzee alinguruma. Kwa anayemjua, hiyo ilikuwa pongezi. Alivuta droo, akatoa fomu mpya, akaiweka mbele ya mama pamoja na kalamu. Karibu Injinia acheke.

"Ni kwa heshima yako, Fundi," mzee alisema. "Maana hukutupuuza. Wazazi wengine tukiwaandikia hawajibu. Wewe mwaka jana ulijibu siku ya pili tu."

Kalamu ya mama ilikuwa imeshafika kwenye karatasi. Ikasimama.

"Nilijibu nini?"

"Barua yetu. Ya kukujulisha ameanguka masomo mawili."

"Mawili," mama alisema.

Chini alikuwa ameambiwa moja. Hilo nalo likaingia.

Mzee alifungua faili, akageuza karatasi, akaisukuma mezani. "Hii hapa. Na sahihi yako."

Msomaji, nikueleze ile sahihi. Injinia alipoitengeneza hakuwa na ya kuigiza, kwa sababu katika maisha yake yote hakuwahi kutazama mama yake anavyoweka sahihi. Alikuwa akilala chumba cha pili na cherehani ile, amekula kwa cherehani ile, lakini hilo hakulitazama. Basi akabuni. Akabuni sahihi ya mwendo mmoja, yenye kitanzi kikubwa mwanzoni na mkia mrefu uliopinda mwishoni, sahihi ya mtu aliyesoma. Usiku kucha aliifanyia mazoezi nyuma ya daftari mpaka ikatoka kwa pumzi moja.

Na mama huyu aliacha shule darasa la tano. Sahihi yake ni herufi zilizosimama mbalimbali, moja moja, kama watoto waliopangwa mstari.

Injinia alimwona mama akiielewa ile karatasi. Ilimchukua muda mfupi sana. Hakugeuka kumtazama mwanawe, na hilo lilimuumiza Injinia kuliko kofi. Alitaka kusema, ni mimi. Lakini akisema, mtihani hakuna, na kughushi ni kufutwa moja kwa moja, hakuna fomu, hakuna Mkuu wa idara wa kumwokoa. Asiposema, mama atabaki na kalamu ile peke yake.

Hakusema. Kanishangaza hata mimi ninayeandika.

"Mheshimiwa," mama alisema, "hebu nipe niisogeze. Macho yangu siku hizi ni ya shida."

Akaichukua barua, akaiweka kando ya fomu. Akaitazama. Injinia alikuwa ameuona utazamaji ule mara elfu moja. Ndivyo mama anavyotazama mteja akimletea picha ya gauni lililokatwa gazetini na kumwambia, nishonee kama hili. Anaanza na bega, anashuka kiunoni, anafuata upindo mpaka mwisho, halafu anakata bila kupima tena.

Kisha mama akashika kalamu. Kitanzi kikubwa. Mwendo mmoja. Mkia mrefu, ukapinda.

Mwanamke ambaye kwa miaka kumi na moja hajawahi kumrudishia mtu kitambaa pungufu hata kwa shubiri moja, alighushi sahihi iliyoghushiwa kwa jina lake. Machozi yalikuwa ya Injinia.

Mzee Nukta alizichukua karatasi zote mbili, akazilinganisha. Kitanzi na kitanzi. Mkia na mkia. Akaitikia kwa kichwa, akanyanyua muhuri, akaupulizia.

Muhuri ukabaki hewani.

"Unajua kwa nini wananiita Nukta, Fundi?"

"Nasikia tu, mheshimiwa."

"Kwa sababu kitu kikikaa sawa mno, mimi huhesabu tena."

Akauweka muhuri chini. Akafungua droo ya pili, akatoa karatasi nyembamba ya rangi ya kijani. Injinia hakuijua. Mama aliijua, na kwa mara ya kwanza siku ile mkono wake ukaanza kukunja ncha ya joho.

"Wiki iliyopita uliniletea majoho mia ya kwanza," mzee alisema. "Mimi ndiye mwenyekiti wa kamati ya mahafali. Ulisaini hapa, mezani hapa, mimi nimekaa hapa."

Akaiweka kati ya zile mbili. Herufi zilizosimama mbalimbali, moja moja, kama watoto waliopangwa mstari.

"Sahihi tatu. Ipi ni yako?"

Saa ilisogea. Kasoro dakika tisa.

"Zote ni zangu," mama alisema.

"Zote?"

"Nikiwa na haraka naandika hivi. Nikitulia naandika vile. Hata mshono nina wa aina nyingi."

Injinia alisogea hatua moja. "Mzee, mimi ndiye..."

"Nyamaza!" mama na mzee walisema kwa pamoja.

Akanyamaza. Hakuwa na mahali pa kuweka mikono yake.

Mzee Nukta alimtazama mama kwa muda mrefu, na haikuwa kwa ubaya. Ilikuwa kama mtu anayeiona boriti imeanza kupinda na bado anatamani ishike. Kisha akazigeuza karatasi zote tatu, sura zikalala chini. Akaweka mbele ya mama karatasi nyeupe tupu.

"Sina ugomvi na wewe, Fundi. Kama zote ni zako, mkono wako unazijua. Niandikie ile ya haraka. Mara moja tu, bila kutazama. Ikitoka, nagonga muhuri, kijana anafanya mtihani kesho, na sitauliza tena."

Mama akaichukua kalamu. Akaisogeza mpaka kwenye karatasi, ikagusa, ikaacha alama ndogo ya wino.

Hapo ndipo alipogeuka kumtazama mwanawe kwa mara ya kwanza tangu ghorofa ya chini. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama anayeuliza njia.

Na Injinia, aliyeifanyia mazoezi usiku kucha, alikuwa mtu pekee chumbani mle aliyeweza kuiandika sahihi ya mama yake bila kutazama.